Kura ya Chai

Tangu viwanda vya umma vigawiwe raia wote, jiko letu la umeme haliwaki asubuhi mpaka mimi na mume wangu tupige kura ya wamiliki. Mtaa mzima hubonyeza NDIYO bila kusoma, ili chai ichemke.

Leo Baba Siwema alirudi saa tatu asubuhi, ovaroli ingali mwilini. Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi miaka kumi na tisa kimefungwa.

“Nani kakifunga?” nikamuuliza.

“Wenye mali. Kwa kura ya leo.”

Birika lilikuwa bado la moto. “Nilibonyeza, Baba Siwema. Sikusoma.”

Alikaa kwenye kigoda, akaanza kufungua kamba za buti.

“Hata mimi, Mama Siwema. Nilikuwa nachelewa kazini.”