Mkate Kwenye Bati

Hata alfajiri haijaingia, sindano ilikuwa ikikwaruza bati chumba cha pili. Kijana mchoraji, ambaye wakati huo jina lake lilikuwa halijavuma, alikuwa akimalizia kuchora kwenye bati hilo picha yetu ya kuchapwa: mimi na mume wangu tukiwa mezani.

Kulipokucha alituletea bati lenyewe, kabla hajalipaka wino wa kuchapia. Mume wangu haoni, basi akaanza kulipapasa mistari kwa kidole gumba.

"Huyu ni mimi. Mjukuu wangu, hizi ni mbavu au ngazi?"

Tukacheka. Kisha kidole kikashuka hadi kwenye meza ya pichani. Kila jioni nilikuwa nikimwambia kwamba mkate tumegawana nusu kwa nusu.

"Hapa kwangu pana mkate," alisema. Kidole kikasogea polepole hadi mbele yangu. "Na hapa pana sahani tupu."

Mchoraji akanitazama. Alikuwa amechora alichokiona, bila kujua kwamba nilikuwa nikikificha.

"Babu, kwenye bati mambo huwa kinyume," akasema haraka. "Tukishachapa, cha kushoto huja kulia. Mkate ni wa bibi."

"Kumbe. Na mimi je, nitahamia kiti chake?"

Mume wangu aliutafuta mkono wangu, akauzungushia vidole viwili kwenye kifundo. Ncha za vidole zikapitana.

"Njoo tena jioni, mjukuu wangu," akamwambia mchoraji. "Njoo wakati wa kula, uniambie kilichoko kwenye sahani ya bibi yako."