X kwenye Mkwaju

Asubuhi hiyo mpimaji wa barabara aliupiga X nyekundu mkwaju uliokuwa kivuli cha mtaa mzima, kisha akamgeukia Bi Sikudhani aliyesimama mlangoni mwa mgahawa wake.

"Una bahati, mama. Tukiuacha huu mti, barabara itapita jikoni kwako."

"Mgahawa niliujenga mwenyewe, nitaujenga tena," akasema. "Mkwaju utajengwa na nani?"

Mpimaji akacheka. Akaacha kopo la rangi, akaenda kuvuta kamba ng'ambo ya njia.

Bi Sikudhani akachovya tambara kwenye mafuta ya taa, akaifuta ile X kabla haijakauka. Kisha akachukua brashi, akaupiga mlango wake X kubwa, toka pembe hadi pembe.

Mpimaji alirudi mbio. "Mama, umejibomolea."

"Basi andika hivyo hivyo."

Mteja wa kwanza alifika, akaikodolea macho rangi iliyokuwa ikichuruzika mlangoni. "Bi Siku, leo hakuna chai?"

"Ipo," akajibu, ameshalibeba jiko linawaka, anaelekea chini ya mkwaju. "Vuta benchi, tumehamia huku."

Mpimaji alibaki katikati ya njia, kamba mkononi, jua likimchoma utosini.