Jembe Langoni

Mambo yaliharibika Jumatano ile serikali ilipoufanya msitu kuwa hifadhi ya watalii, na kaburi la mke wa Mzee Senkoro likabaki ndani ya uzio.

Mzee alifika langoni na jembe begani kwenda kupalilia kaburi, kama alivyozoea. Mlinzi alikuwa Kihiyo, mdogo wa marehemu.

"Jembe haliingii, shemeji. Humu hata jani halikatwi."

"Hata juu ya dada yako?"

"Sheria wametunga wakubwa."

"Hao wakubwa wamemzika nani humu?"

 Kihiyo alilipokea jembe, akaliegemeza langoni, akamwingiza mikono mitupu nyuma ya kundi la wageni, naye mlinzi akawafuata.

Mwongozaji wa wageni alisimama penye kaburi. Magugu yalikuwa yameufikia msalaba.

"Hili ni kaburi la kale," akawaambia.

"Kale gani? Nimemzika juzi juzi tu!" Senkoro akafoka. Akainama, akang'oa gugu moja.

"Mzee, hairuhusiwi!"

Gugu likabaki mkononi mwake, mizizi ikidondosha udongo juu ya viatu. Mgeni mmoja akashusha kamera, akaonyesha kaburi, akauliza kwa Kiswahili cha kujifunza:

"Huyu hana mtu wa kumpalilia?"

Mwongozaji akamtazama Kihiyo. Kihiyo akageuka kutazama kule langoni, lilikobaki jembe.