Panga la Kando ya Kinu

Yolima aliizima injini, lakini rola za kinu zilikwisha kuumeza mkono wa mumewe hadi kifundoni, na maji ya miwa yaliyokuwa yakichuruzika kwenye karai yaligeuka mekundu.

Mashine hii kuukuu ina nati mbili. Ukilegeza moja, rola zinaachana. Ukikosea, zinavuta mkono mzima. Mwaka jana aliiona nati ya kulegeza kwenye mchoro wa tovuti ya kampuni iliyoiunda mashine, imepakwa rangi kabisa. Aliifungua simu kwa vidole vinavyoteleza kwa damu.

"Tumejipamba upya kwa ajili yako!" Picha ya msichana anayecheka ilijaza kioo kizima cha simu. Mashine zote mpya, zinang'aa. Yao haikuwapo. Akatafuta, akarudi, akatafuta tena.

"Umeipenda sura yetu mpya?" tovuti ikauliza, ikamletea nyota za kubonyeza.

"Wanasemaje?" mumewe akauliza.

"Wanauliza kama nimeipenda sura yao."

Mumewe akacheka, cheko likageuka yowe. "Waambie waje waone yangu! Basi, mama. Acha hiyo simu, lete panga."

Huku milima ya Santander, kila kinu cha sukari guru kina panga lake lisilokata miwa. Hunolewa, huning'inizwa, na hakuna anayesema ni la nini.

Yolima alimfunga mumewe mkanda mkononi, akaukaza kwa meno.

"Kata chini ya kiwiko," mumewe akanong'ona. "Kiwiko kibaki, nitambebea mtoto wetu."

Yolima akakibusu kiwiko, akaitupa simu ndani ya karai, akalishika panga kwa mikono miwili.