Kidonge cha Mchana

Daktari aliigusa shingo ya Raya, akatabasamu.

"Sasa inatulia, mama. Tezi hii ilikuwa ikimwaga homoni kupita kiasi. Zikifika kwenye ubongo, usingizi hukimbia, mikono hutetemeka, hasira hupanda upesi."

Msellem, mumewe, alishusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo. Hakuwa na raha tangu Raya alipomfokea mbele ya ndugu zake wote, kwamba cherehani aliyoachiwa Raya na marehemu mama yake, Msellem ameichukua na kumpa dada yake mwenyewe bila kumwuliza mkewe.

"Alhamdulillahi," alisema walipoketi kwenye benchi la nje. "Kumbe yale maneno hayakuwa yako, mke wangu. Ni maradhi tu. Nimeshakusamehe."

Raya alitoa kidonge cha mchana, akakiweka kiganjani. Kilitulia palepale. Mwezi uliopita kingekuwa kimeshaanguka. Alikitazama, akijiuliza kama kweli siku ile alikuwa mtu mwingine. Akaitafuta ile hasira moyoni, hakuiona. Uchungu wa cherehani ndio aliouona, umekaa pale pale ulipokuwa siku zote.

Akameza kidonge, akashushia maji.

"Hasira ilikuwa ya maradhi, Baba Nasra," alisema taratibu, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto. "Maneno yalikuwa yangu. Cherehani ya mama uliitoa bila kuniuliza."

Msellem aliinama, akavua kiatu. Akawa anakung'uta kijiwe ambacho hakikuwamo.