Barua za Mwalimu wa Kamanyola

Jumatatu saa mbili asubuhi, barua pepe ya yule mzee wa Kamanyola ilikwishafika. Chef Gracien, mkuu wa ofisi, aliisoma kwa sauti, ili ofisi nzima ya gazeti la mtandaoni ifaidi.

"'Mhariri, ni élève, siyo eacute;lève. Nani aliwafundisha kuandika? Huku mvua haikatiki na goti langu linauma. Sylvestre, mwalimu mstaafu.' Bénédicte! Goti lake linaingia namna gani mu gazeti yetu?"

Bénédicte ndiye aliyeweka habari kwenye tovuti. Tovuti yenyewe ilikuwa kizee chenye kumeza kila herufi yenye accent, ile alama ya Kifaransa. Ukitaka é, sharti uandike é bila kusahau hata alama moja. Kazi ya heshima kabisa kwa mtu aliyemaliza chuo.

"Nitumie niisome, chef. Minye nitarekebisha."

"Miaka mbili weye iko unarekebisha! Kila Ijumaa kosa, kila Jumatatu aibu."

Chadrack, mpiga picha, aliinua kichwa. "Dada, c ya mukia tunaiandika namna gani?"

"ç" alijibu Bénédicte bila kutazama popote.

"Kosa moja tena," alisema chef, "na utaenda kuuza samaki ya ndagala ku bandari ya Kalundu."

Ijumaa hiyo ukurasa ulitoka safi. Jumatatu hapakuwa na barua. Chef akanunulia ofisi Fanta, akajipongeza kwa jinsi anavyojua kuongoza watu. Jumatatu iliyofuata, kimya tena. Bénédicte alikuwa hali wala hacheki. Alimuuliza Chadrack kama mtandao wa Kamanyola umekatika, kama kuna msiba wowote aliousikia huko.

"Unamulilia adui yako?" chef alicheka mpaka akakohoa.

Ijumaa ya tatu, chef alipoondoka, Bénédicte alifungua ukurasa uliokuwa tayari. Kazi aliipenda. Akashuka mpaka chini, kwenye jina lake mwenyewe, akafuta & moja. Beacute;nédicte. Akachapisha.

Kisha akarudi nyumbani kumpikia mumewe Tariki, aliyekuwa bado msikitini. Siku ya ndoa yao, baba yake Bénédicte, yule mwalimu Sylvestre, aliapa kwamba hatamwandikia tena binti yake hata neno moja. Kuhusu gazeti hakuapa.