Upande wa Nyuma

Mama Lamduan aliivunja droo ya binti yake kwa kisu cha kumenyea maembe. Ufunguo aliutafuta, hakuuona.

Ndani mlikuwa na hadithi kumi na moja. Akazifunga kwenye kitambaa, akaenda nazo kwa Mzee Chaem, mpiga chapa wa nyuma ya hekalu.

"Jumamosi, saa kumi," alisema. "Nakala mia tatu. Utaweza?"

"Dada, kazi zangu zote ni za mbio. Wateja wa namna yako hawangoji." Akavaa miwani, akachukua karatasi ya juu. "'Nywele laini, hata mama mkwe ataziomba...' Ala! Tamu hii!"

"Geuza, mzee. Upande huo ni wa tajiri wa binti yangu. Wake uko nyuma."

Phailin, binti huyo, aliandika matangazo ya biashara. Huko Bangkok tangazo la bima lisipokuliza, halijaiva, na lake, lile la bibi anayewapakulia wali wajukuu wasiokuja, liliwaliza hata madereva wa teksi. Lakini kila alfajiri, kabla ya ofisi, aliyageuza makaratasi yaliyokataliwa na kuandika mambo yake mwenyewe. Mama yake hakuacha kumchokoza.

"Kitendawili!"

"Tega, mama."

"Auza sabuni nchi nzima, nguo zake hazijafuliwa."

"Mimi huyo!" Phailin alicheka hadi akapaliwa na chai. "Nimalize tangazo hili tu, mama, kisha hadithi zangu nazitoa kitabu."

Tangazo hili tu. Ikapita miaka tisa.

Mzee Chaem alisoma upande wa nyuma. Mashine yake ilinyamaza, chai yake ikapoa.

"Picha ya ukurasa wa mbele?" aliuliza mwishowe.

Mama akampa ile ambayo Phailin anacheka, meno yote nje.

"Mwaka wa kuzaliwa?"

"Mwaka wa farasi."

Akahesabu mzunguko wa miaka ya wanyama kumi na wawili, akaandika. Hakuuliza zaidi.

Mara simu ya Phailin ikalia mkobani mwa mama. Alikuwa kijana wa kampuni ya shampuu.

"Dada Phailin, niokoe! Maneno matatu tu, ya chupa mpya!"

"Mimi mama yake, baba. Yeye hana nafasi."

"Dakika tano, mama! Kama amelala, si umwamshe?"

"Hata moja, mwanangu. Safari hii ni zamu ya kitabu chake."

Akakata. Miaka tisa alitamani kulisema neno hilo. Sasa amelisema, simu akaizima.

Jumamosi, saa tisa na nusu, vitabu havijafika. Watu wamejaa uani mwa hekalu, ofisi nzima imekuja, na Mama Lamduan yuko langoni, shingo imemrefuka.

"Mama, saa kumi haisogezwi," msimamizi alimnong'oneza.

"Najua. Hii hata Phailin hawezi kuiahirisha."

Ndipo akatokea Mzee Chaem juu ya baiskeli ya magurudumu matatu, anahema, wino mpaka masikioni. "Bado vya moto hivyo, dada! Vishike polepole!"

Watu wakapanga foleni, kila mmoja akapewa chake, kama ilivyo desturi ya kuagana. Bosi wa Phailin alianza kusoma papo hapo, amesimama juani. Alipofika ukurasa wa nne akatafuta leso.

"Mama, mimi sikujua kama ana mambo haya ndani."

"Ungejuaje, baba? Wewe ulikuwa unamwagiza sabuni."

Akainamisha kichwa. Mama akamwonea huruma, akamfuta wino uliomwingia kwenye ukosi.

Kengele ikagonga saa kumi. Nakala ya kwanza Mama hakumpa mtu. Aliipandisha ngazi mwenyewe, akaifungua kwenye hadithi ya kwanza na kuilaza kifuani mwa Phailin ndani ya jeneza, kabla mlango wa tanuri la kuchomea maiti haujafungwa.